Kusevu gemu kwenye PlayStation 2 na kuikuta kesho yake: mwongozo kamili

Swali linanifikia kila mara, maneno tu ndiyo yanabadilika: "Jana usiku nilisevu, leo nimewasha hakuna kitu." Mmoja amepoteza msimu mzima wa Master League, ile ligi ya gemu ya soka ya PES, mwingine misheni zote za Los Santos kwenye gemu ya GTA San Andreas. Nikiwauliza walibonyeza nini, wengi hawakumbuki. Maandishi ya Kiingereza yalitokea kwenye skrini, wakabonyeza X mpaka yakaondoka.

Mwongozo huu ni wa PlayStation 2, kwa sababu ndiyo mashine ya zamani ninayoulizwa zaidi, za nyumbani na za vibanda vya gemu. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ile ya sita ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayowaliza.

## Sevu inakaa wapi?

PS2 haina sehemu ya ndani ya kuhifadhi gemu. Diski inasomwa tu, haiandikwi. Ile betri ya duara iliyo ndani ya mashine, aina ya CR2032, inatunza saa na mipangilio kama ya lugha. Ikifa, tarehe itaharibika, lakini sevu zako hazitaguswa, kwa hiyo usikubali fundi akuambie kwamba gemu zilifutika kwa sababu ya betri.

Kila ulichofikia kwenye gemu kinakaa kwenye memori kadi. Kadi isipokuwepo, mashine itakuruhusu kucheza kutwa nzima, na ukizima tu, kila kitu kimekwenda.

## Vitu vya kuandaa

- Memori kadi ya PS2 yenye MB 8.
- Memori kadi ya pili ya PS2, kwa ajili ya nakala. Inaweza kununuliwa baadaye, lakini isichelewe sana.
- Vijiti vya pamba vya masikio na alkoholi ya isopropili, ile wanayotumia mafundi wa simu kusafishia bodi.
- Kipande cha plasta na kalamu ya kuandikia jina lako juu ya kadi.
- Simu yenye kamera, ya kupiga picha ujumbe wowote usiouelewa kabla hujabonyeza chochote.
- Umeme wa uhakika. Kama una UPS ndogo ya kompyuta (ile betri inayoshika umeme ukikatika), chomeka PS2 na televisheni hapo. Kama unatumia umeme wa kulipia kabla, angalia uniti zilizobaki kabla hujaanza.

### Kadi ipi ununue?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kadi ambazo Sony walitengeneza kwa ajili ya PS2 na kuziuza madukani ni za MB 8, namba yake SCPH-10020, na zimeandikwa MagicGate. Ukiona kadi yenye nembo ya Sony halafu imeandikwa MB 64 au MB 128, hiyo ni bandia.

Zipo kadi za kampuni nyingine zenye MB 16, 32 na zaidi, na baadhi hufanya kazi vizuri. Lakini kadri ukubwa unavyopanda, ndivyo unavyozidi kukutana na gemu zinazozikataa au kuzisoma vibaya. Gemu ziliandikwa zikitarajia kadi ya MB 8. Ushauri wangu ni kununua mbili za MB 8 badala ya moja kubwa. MB 8 ni nafasi ya kutosha sevu za gemu nyingi, na nyuma ya kasha la diski halisi huandikwa gemu inahitaji KB ngapi.

Angalia pia usiuziwe kadi ya PlayStation ya kwanza. Inaingia kwenye tundu la PS2 bila shida, na ndiyo maana watu hudanganyika. Ile ina KB 128 tu, imegawanywa vipande 15, na ndani ya PS2 kazi yake ni kusevu gemu za PlayStation ya kwanza pekee. Gemu ya PS2 haiwezi kusevu humo. Na kinyume chake ni hivyohivyo: ukicheza gemu ya PlayStation ya kwanza ndani ya PS2, haitasevu kwenye kadi ya PS2.

Ukiwa dukani, omba kadi ijaribiwe kwenye mashine mbele yako. Muuzaji anayekataa, muache na kadi yake.

## Hatua ya 1: Chomeka kadi mashine ikiwa imezimwa

Zima PS2 mpaka taa ya kijani iondoke. Safisha mdomo wa kadi kwa kijiti kilicholoweshwa alkoholi kidogo, subiri dakika chache ikauke. Kama unaishi Tanga, Mombasa, Unguja au popote penye upepo wa bahari, hili usiliache. Chumvi ya hewani huota kwenye shaba, na kadi nzima huanza kuonekana na kupotea.

Chomeka kadi kwenye tundu namba 1, lililo juu ya tundu la padi ya mchezaji wa kwanza. Isukume mpaka ifike mwisho.

Kwa nini tundu namba 1? Gemu nyingi huangalia hapo kwanza, na baadhi haziangalii kwingine kabisa. Kwa nini kabla ya kuwasha? Kwa sababu gemu nyingi hukagua kadi mara moja tu, zinapoanza. Ukiingiza kadi katikati ya mchezo, gemu inaweza kuwa imeshaamua kwamba haipo.

PES ina hatari yake ya ziada hapa. Inapowaka husoma faili la Option File kutoka kwenye kadi, ambalo ndilo lenye majina na jezi ulizohariri. Ukiwasha bila kadi, ukaichomeka baadaye, kisha ukasevu Option File juu ya lile la zamani, utakuwa umeandika majina ya kiwandani juu ya kazi yako yote. Nimemwona kijana akipoteza hivyo kikosi alichokihariri kwa wiki tatu.

## Hatua ya 2: Iangalie kadi kabla ya kuweka diski

Washa PS2 ikiwa haina diski ndani. Utapata menyu yenye maneno mawili: "Browser" na "System Configuration". Chagua "Browser".

Unatakiwa kuona picha ya kadi, jina lenye "PS2" na nafasi iliyobaki kwa KB. Kadi mpya ya MB 8 huonyesha takriban KB 8,000. Ikiwa na sevu tayari, ingia ndani na kila gemu itaonekana kama kinyago kidogo chenye umbo lake.

Usipoiona kadi hapa, usiendelee mbele. Hakuna gemu itakayoiona. Zima, safisha tena, kisha ijaribu kwenye tundu la pili. Ikionekana la pili na si la kwanza, tatizo ni tundu. Isipoonekana popote, ijaribu kwenye mashine ya jirani kabla ya kuilaumu.

## Hatua ya 3: Jua kitufe cha kukubali ni kipi

Diski za Marekani na Ulaya hutumia X kukubali. Diski za Kijapani hutumia duara kukubali, na X kukataa. Hili linatuhusu sana kwa sababu diski nyingi za Winning Eleven (jina la PES huko Japani) zilizozagaa huku kwetu zimetokana na toleo la Kijapani, hata kama mtu amezibadilisha majina yakawa ya Kiingereza.

Matokeo yake ni kwamba mchezaji anaulizwa kama anataka kusevu, anabonyeza X kwa mazoea, na gemu inaelewa "hapana". Anarudi kwenye menyu akiamini amesevu.

Jaribu kwenye menyu ya kwanza ya gemu. Bonyeza X juu ya kitu chochote. Kikifunguka, X ndiyo "ndiyo". Kisipofunguka, jaribu duara. Andika jibu kwenye kasha la diski.

## Hatua ya 4: Weka diski, na usome ujumbe wa kwanza

Gemu ikianza, nyingi huonyesha ujumbe kuhusu kadi kabla hata ya jina la gemu. Ujumbe wa aina hii hufanana karibu kwenye gemu zote, kwa hiyo ukiujua mara moja umeujua daima.

"No memory card (8MB) (for PlayStation 2) in MEMORY CARD slot 1" maana yake kadi haijaonekana kwenye tundu namba 1. Gemu itakuuliza kama uendelee. Usiendelee. Zima, rudi hatua ya 1.

"Unformatted", pamoja na swali "Format?", maana yake kadi haijaandaliwa kuandikwa. Kama kadi ni mpya kabisa, kubali. Kama kadi ina sevu zako na unajua zimo, KATAA. Kufomati kunafuta kila kitu ndani yake. Kadi yenye sevu inayoonekana kana kwamba ni tupu mara nyingi ni chafu tu. Zima, isafishe, ingia "Browser" uikague.

"Insufficient free space" maana yake nafasi haitoshi. Ujumbe utataja KB zinazohitajika. Nenda "Browser" ufute sevu za gemu usizocheza tena, au tumia kadi ya pili.

"Autosave" ikiulizwa, kama kwenye Need for Speed, iwashe. Lakini fahamu kwamba ukichomoa kadi katikati ya mchezo, gemu za namna hii huzima autosave na kuendelea bila hiyo.

## Hatua ya 5: Sevu ya kwanza, ndani ya nusu saa

Usisubiri ufike mbali. Sevu hii ya mwanzo ni ya majaribio, na ikifeli utapoteza dakika 20, si wiki.

Kila gemu ina mahali pake pa kusevu. Kwenye Master League unasevu kupitia menyu ya ligi, na faili lake ni tofauti na Option File: kusevu moja hakusevu jingine. Kwenye San Andreas huwezi kusevu ukiwa barabarani. Lazima uingie kwenye nyumba yako, ya kwanza ikiwa ile ya akina Johnson mtaa wa Grove, usimame juu ya alama ya disketi inayozunguka. Baada ya kusevu, saa ya ndani ya gemu husogea mbele saa 6. Hiyo ni ishara nzuri kwamba kitendo kimefanyika. Kwenye Resident Evil 4 unatafuta taipureta.

Ukianza kusevu utaona "Saving" na onyo la kutochomoa kadi, kutochomoa padi na kutozima mashine. Ondoa mikono kwenye padi. Wakati huo mashine inaandika, na ikikatizwa katikati inaacha faili nusu. Faili hilo ndilo "Browser" hulionyesha kwa jina "Corrupted Data", na halirudi.

Subiri mpaka uone "Save completed" au maneno yanayofanana nayo. Ukiona "Save failed", ni kama hujasevu kabisa. Jaribu tena papo hapo kabla hujatoka.

## Hatua ya 6: Zima, washa, pakia

Hii ndiyo hatua ninayowasihi msiiruke. Maneno "Save completed" peke yake hayatoshi. Kadi bandia zinaweza kukuonyesha maneno hayo, na kesho yake ukakuta kadi tupu.

1. Zima PS2 kabisa. Kama ni ile kubwa, zima pia swichi ya nyuma. Kama ni slim, chomoa waya ukutani.
2. Chomoa kadi, subiri dakika moja, irudishe.
3. Washa, ingia kwenye gemu, chagua "Load" au "Load Game". Usichague "New Game".
4. Cheza dakika mbili. Angalia pesa, timu, misheni: ni vilevile ulivyoviacha?

Vikiwa vilevile, kadi yako ni salama na sasa unaweza kucheza kwa moyo mweupe. Ikishindwa hapa, irudishe kadi dukani leo, ungali unakumbuka nani alikuuzia.

## Hatua ya 7: Mazoea ya kila siku

Tumia nafasi mbili kwa kupokezana. San Andreas ina nafasi 8. Leo sevu ya kwanza, kesho ya pili, keshokutwa urudi ya kwanza. Umeme ukikatika wakati wa kuandika moja, nyingine ipo na umepoteza siku moja tu.

Ukiulizwa "Overwrite?", simama. Swali hili linamaanisha: kuna sevu hapa tayari, niifute niandike hii mpya juu yake? Angalia tarehe, jina na asilimia iliyoandikwa kwenye nafasi hiyo. Ni yako? Ni ya mdogo wako? Ukikubali, ya zamani haipo tena.

Jihadhari na "New Game". Kisa ninachokisikia mara nyingi majumbani ni hiki: kaka amefika mbali, mdogo mtu anawasha, anabonyeza "New Game" kwa sababu ndiyo iliyo juu, anacheza kidogo, anasevu kwenye nafasi ya kwanza. Hakuna ubaya aliokusudia. Njia ya kumlinda yeye na wewe ni kadi mbili, kila moja na jina lake kwenye plasta. Kadi yako unaichomoa ukimaliza kucheza, mashine ikiwa imezimwa.

Kibandani, nenda na kadi yako. Kadi ya kibanda inatumiwa na watu hamsini na mwenye kibanda ana haki ya kuifuta ikijaa. Mwombe aizime mashine kabla hujachomeka, na umwambie dakika tano kabla muda wako haujaisha ili upate nafasi ya kusevu. Wengi wao ni waungwana kwa hili ukiwaambia mapema.

## Hatua ya 8: Weka nakala kwenye kadi ya pili

Fanya hivi angalau mara moja kwa mwezi, au baada ya jambo kubwa kama kumaliza msimu.

Zima mashine, weka kadi kuu tundu namba 1 na ya akiba tundu namba 2. Washa bila diski, ingia "Browser", fungua kadi kuu, chagua sevu unayotaka. Utaona "Copy" na "Delete" zikiwa jirani. Soma kabla ya kubonyeza. Chagua "Copy", subiri imalize, kisha rudi nyuma ufungue kadi ya pili: kinyago cha gemu kinatakiwa kiwepo huko pia.

Baadhi ya gemu hazikubali sevu zake zinakiliwe. Kwa hizo, fungua gemu yenyewe na uisevu mara ya pili ukichagua tundu namba 2, kama gemu inaruhusu.

Kadi ya akiba ihifadhi mbali na mashine, mahali pakavu, ndani ya kikasha. Kadi inayoachwa tundu namba 2 siku zote si ya akiba, kwa sababu radi au umeme wa kurukaruka utaziua zote mbili pamoja.

## Kama mashine yako inasoma gemu kutoka kwenye flashi

Mashine nyingi siku hizi hazitumii diski tena. Zina memori kadi yenye Free McBoot, programu inayojiwasha kutoka kwenye kadi, na gemu zinafunguka kutoka kwenye flashi kwa programu nyingine iitwayo Open PS2 Loader. Kama ndivyo, mambo matatu yanabadilika.

La kwanza: kadi hiyo ndiyo inayoanzisha programu hizo mashine ikiwaka. Usiifomati kamwe, na usifute ndani yake kitu ambacho hukijui, kikiwemo chochote chenye jina la Free McBoot. Ukikifuta, gemu zako za flashi hazitafunguka.

La pili: programu hizo zimeshachukua sehemu ya MB 8. Ndiyo maana ujumbe wa nafasi kutotosha hutokea mapema. Weka Free McBoot kwenye tundu moja na sevu kwenye kadi ya tundu jingine.

La tatu ni zuri: ukiwa na programu ya uLaunchELF, ambayo mara nyingi imo tayari, unaweza kunakili sevu kwenda kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32. Fungua sehemu ya mafaili, ingia "mc0" ambayo ni tundu namba 1, simama juu ya folda ya gemu, bonyeza R1 na uchague "Copy". Kisha nenda "mass", ambayo ni flashi, bonyeza R1 tena uchague "psuPaste". Utapata faili moja lenye mwisho wa .psu, ambalo unaweza kuliweka kwenye kompyuta. Vitufe vya kukubali na kurudi vimeandikwa chini ya skrini, visome hapo.

Majina ya folda yatakushangaza: BASLUS na tarakimu, au BESLES na tarakimu. SLUS ni diski ya Marekani, SLES ya Ulaya. Hii inaeleza tatizo jingine linalowasumbua watu: umebadilisha diski, gemu ni ileile, lakini sevu haionekani. Kama diski ya zamani ilikuwa ya Marekani na mpya ni ya Ulaya, gemu inatafuta folda yenye jina jingine. Sevu yako ipo, haijafutika. Tafuta diski ya toleo lile la mwanzo na utaikuta.

## Kadi imeonyesha "Corrupted Data", nifanyeje?

Usiifomati kadi nzima. Mara nyingi faili moja tu ndilo lililoharibika. Ingia "Browser", angalia sevu nyingine kama zipo, nakili zote nzuri kwenye kadi ya pili kwanza, kisha ndipo ufute lile bovu peke yake. Baada ya hapo rudia hatua ya 6 kwa kadi hiyohiyo. Ikiharibu tena bila umeme kukatika, iandike "mbovu" kwenye plasta uitoe kabisa kwenye matumizi, asije mtu mwingine nyumbani akaiamini.